Uwanja Nilioupaka Samadi

Mimi ni mtu wa kwangu. Nikifika Kitui mjini nahesabu nimesafiri, na nikilala huko nahesabu nimepotea. Kwa hivyo mtu akiniuliza ilikuwaje mtoto wangu akacheza tenisi miaka kumi na mbili kabla sijamwona akicheza hata mara moja, jibu ni hilo tu: Kibwezi iko mbali, na mimi niko Kabati.

Kibwezi ndiko alikojifunzia. Mke wangu, kabla hajarudi nyumbani, alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya shamba moja la katani kule, na shamba hilo lilikuwa na uwanja wa saruji ulioachwa na mameneja wa zamani. Msichana akitoka shule alikuwa anapitia pale kuokota mipira. Baadaye akaanza kuirudisha. Baada ya hapo watu wazima wakaanza kuomba wasipangwe naye. Mimi nilibaki nyumbani kuchunga mbuzi na kuangalia mizinga ya nyuki, au ndivyo nilivyokuwa nikisema. Ukweli ni kwamba mbuzi walijichunga, na nyuki hawajawahi kuwa na shida na mimi.

Msichana huyu ana jina la marehemu mama yangu, na kwetu Ukambani mtoto akishapewa jina la nyanya yake, baba humwita mama. Si utani. Tangu akiwa wa kunyonya nimemwita mwaitu, yaani mama yangu, na mke wangu akitaka kunichokoza humwita mama mkwe. Jambo hili lina raha yake, lakini lina shida moja: sijui mtu anamkatazaje mama yake kitu.

Mwaka juzi alikuja likizo kutoka chuo cha ng'ambo, ambako tenisi ndiyo iliyokuwa ikimsomesha. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja apate digrii. Siku ya pili, tukinywa chai, akasema, "Baba, nataka kuacha chuo nicheze tenisi ya kulipwa."

"Kwani saa hii huchezi?"

"Hiyo ni ya chuo. Nataka iwe kazi."

Nikaweka kikombe chini. Hiyo digrii nilikuwa nimeshaitangaza Kabati nzima, mpaka kwa watu ambao hawakuniuliza. Mimi niliishia kidato cha nne, na alama nilizopata ni siri kati yangu na serikali. Nilitaka sana mtu wa nyumba hii avae lile joho.

Akanieleza mambo yalivyo. Kocha wake wa chuo alimpa mpaka Jumatatu ya mwisho ya mwezi aseme kama anarudi au harudi. Akisema harudi, nafasi inapewa mwingine, na haipatikani tena. Akirudi, anapoteza mwaka mzima wa ujana wake akicheza na wanafunzi, wakati wasichana wadogo kuliko yeye tayari wanazunguka dunia.

"Mwalimu wangu wa Kibwezi amekubali kunipima," akasema. "Lakini nataka na wewe uwepo."

"Mimi najua nini ya tenisi, mwaitu?"

"Hujui chochote. Ndiyo sababu. Mama anapiga makofi hata nikikosa."

"Ulitaka nipige nini, filimbi?" mke wangu akasema kutoka jikoni.

Nilipoongea na huyo mwalimu kwa simu, akaniambia kuna tatizo moja. Mashindano ya kwanza ambayo msichana angeingia huchezwa kwenye uwanja wa udongo, na yeye maisha yake yote amechezea saruji. Kwenye udongo mpira unapanda juu na unachelewa, na miguu inateleza. Ili kumpima sawasawa, ilibidi twende Nairobi tutafute uwanja wa udongo.

Nairobi! Nikamwambia, "Mwalimu, wewe njoo Kitui. Udongo? Tuna nini kingine sisi?"

Hivyo ndivyo uvivu wangu ulivyonitia kwenye kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya.

Huku kwetu wanawake wana mwethya, kikundi cha kufanya kazi kwa zamu: wiki hii wanachimba matuta kwako, wiki ijayo kwangu. Zamu ya mke wangu ilikuwa imefika, na ilikuwa ya kuchimba silanga ya kushika maji ya mvua. Alikuwa ameingojea miezi minane. Aliposikia nimemwahidi mtu uwanja, alishinda akinoa jembe lake tangu asubuhi mpaka jioni. Jioni akasema, "Silanga itangoja. Lakini ukame ukija, wewe ndiye utakayebeba maji. Kwa mgongo, si kwa punda."

Wanawake kumi na saba wakaja na majembe. Tulichagua shamba lililo chini ya nyumba, ambalo tayari lilikuwa tambarare katikati ya matuta mawili. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mikono kama ya fundi wa chuma, akapima kwa kamba niliyoshika upande mmoja.

"Mchezo wa watu wangapi?" akaniuliza.

"Wawili."

"Wawili! Hapa pote?" Akawageukia wenzake. "Aiya! Hapa kungetoka magunia manne ya ndengu."

Lakini walifanya. Tulivunja vichuguu viwili, tukasaga ule udongo mwekundu wa mchwa, tukaumwagia maji, wakaushindilia kwa miguu wakiimba, siku tatu. Wavu tuliushona kwa magunia ya vitunguu. Mistari tulichora kwa chokaa. Uwanja ulipokauka ulikuwa mzuri mpaka nikaona aibu kuukanyaga.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Lakini jioni kabla ya siku yenyewe nilitembea juu yake nikaona vumbi jembamba linanishika viatu. Kila mtu hapa anajua dawa ya vumbi. Ukitaka kupura ndengu, unachukua mavi ya ng'ombe, unayachanganya na maji na majivu kidogo, unaupaka uwanja wote, na ukikauka unakuwa laini kama meza na hata punje moja haichanganyiki na mchanga. Nikasema mgeni anakuja, hatapigwa na vumbi kwangu. Nikaita majirani wawili, tukapaka kila mahali, kwa ufagio, taratibu, tukarudia mistari. Nikalala nikiwa na amani ya mtu aliyefikiria kila kitu.

Mwalimu alifika saa mbili asubuhi, mzee mwembamba mwenye kofia ya wavulana. Alikuja na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, ambaye aliwahi kucheza tenisi ya kulipwa kwa miaka minne kabla hajarudi Kibwezi kulima matikiti. Huyo ndiye angecheza na binti yangu. Mwalimu alisema hajui kipimo kingine: unamweka mtu mbele ya mwenzake aliyetoka huko anakotaka kwenda.

Akaushuka ule mteremko, akasimama ukingoni mwa uwanja. Akainama. Akanusa. Akaudundisha mpira mmoja. Mpira haukupanda. Uliteleza ukaenda zake kama panya.

"Nani alipaka hii?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema, kwa fahari kidogo.

Alicheka mpaka akakaa chini. Alipojaribu kusimama akakumbuka ule mpira, akakaa tena. "Mzee," akasema akijifuta macho, "nilitaka udongo ili mpira upande. Wewe umeniwekea kioo." Kisha akawa mtu wa kazi. "Haifai. Turudi wiki ijayo."

Wiki ijayo Jumatatu ya mwisho ingekuwa imepita. Nilimwangalia mtoto wangu nikitamani ardhi inimeze, pamoja na samadi yake. Alikuwa amevua kiatu. Alikuwa akiupapasa uwanja kwa wayo, hapa, halafu pale, halafu kule karibu na ua wa miti.

"Tutacheza," akasema.

"Binti, huu si uwanja," mwalimu akamwambia.

"Sisi wote wawili hatujawahi kuchezea kitu kama hiki. Basi tuko sawa."

Mwalimu akanipa kiti, kalamu na daftari. "Wewe usiangalie mpira," akaniambia. "Mpira nitauangalia mimi. Wewe mwangalie msichana tu, hasa akikosa. Kila akikosa, andika amefanya nini. Usiandike unavyofikiri. Andika ulichoona."

Wanawake wa mwethya walikuwa wameshakaa juu ya tuta, wamejipanga kama watu wa kwaya, na mke wangu katikati yao.

Daftari hilo bado ninalo. Ukurasa wa kwanza unasikitisha. "Amekosa. Ameangalia raketi. Amekosa. Amevuta soksi. Amekosa. Amemwangalia mama yake. Amekosa. Ameniangalia mimi." Hapo kwa mwisho niliinamia daftari, maana jicho alilonitupia lilikuwa la marehemu mama yangu siku niliyofungulia mbuzi wakala mbegu. Gemu nne zikaenda kwa yule mwanamke mrefu, msichana hana hata moja.

"Si mumwambie apige kwa nguvu!" mwenyekiti akapiga kelele kutoka juu.

"Nyamaza wewe," mke wangu akasema. "Huu si mtama unatwanga."

Halafu daftari linabadilika. Limeandikwa: "Amekosa. Ameangalia chini, upande wa ua." Mstari unaofuata: "Amekosa. Ameangalia pale pale." Mimi sikuelewa ameona nini. Niliandika tu nilivyoambiwa. Ni baadaye ndipo alinieleza kwamba sehemu iliyo karibu na ua ilikuwa bado na kivuli cha asubuhi, samadi haijakauka, na mpira ukianguka pale unakufa papo hapo. Kwingine kulikuwa kumekauka, na mpira unateleza. Kwa hiyo hakuwa kwenye uwanja mmoja, alikuwa kwenye viwanja viwili, na alikuwa amepata ramani yake kabla ya mwenzake.

Hapo nikavunja amri, nikaangalia mpira.

Sijui nieleze vipi. Nimeishi na huyu mtoto, nimemtuma chumvi, nimemkanya asiegemee mlango. Sikuwa najua kwamba ana kitu kama hiki mwilini. Alikuwa akiupiga mpira mmoja chini chini kwenda kwenye upande mkavu, yule mwanamke anainama mpaka goti linagusa, anaurudisha kwa shida. Na kabla haujafika msichana ameshakuwa mahali unapoenda, kana kwamba wameahidiana. Kisha kwa mkono mwepesi, vile mtu anavyoondoa utando juu ya maziwa, anauweka pale kwenye kivuli. Unakufa. Yule mwanamke anakimbia, anafika, haukuti. Mara moja, mara mbili, mara tano. Raketi ilikuwa ikilia sauti ya kitu kinachokatwa. Miguu yake haikuwa na sauti kabisa.

Juu ya tuta hakuna aliyesema neno. Wanawake kumi na saba wa Kabati wamenyamaza! Jambo hilo peke yake ningeliandika kwenye daftari kama ningekumbuka kuwa nina daftari.

Alichukua seti hiyo, ya kwanza kati ya tatu, gemu sita kwa nne. Mwenyekiti akapumua, akauliza, "Kwani huo mpira ulimkosea nini?"

Nikamgeukia mwalimu nikiwa tayari kupewa hongera. Alikuwa akiangalia jua. "Ngoja," akasema.

Kufikia saa tano samadi ilianza kupasuka na kubanduka vipande vipande chini ya viatu. Tukasimamisha mchezo, tukafagia. Kazi yangu yote ya jana ikaenda kwenye ndoo, na chini yake ukatokea ule udongo wa kichuguu, mwekundu, mkavu. Sasa mpira ulipanda. Sasa ulikuwa uwanja aliokuwa ameuomba mwalimu.

Na sasa ndipo yule mwanamke mrefu alipoanza kazi yake. Hakuwa na haraka. Nilivyofundishwa siku hiyo, mchezaji anayeanzisha mpira, yaani anayepiga sevu, ana nafasi mbili. Ya kwanza unapiga kwa nguvu zako zote. Ikikosa, unabaki na ya pili, na hiyo lazima iingie, kwa hiyo watu huipiga kwa woga. Kila mara binti yangu alipokosa ya kwanza, yule mwanamke alisogea hatua mbili mbele, akaingoja ya pili kama mtu anayengoja chakula alichokiagiza. Na akaila. Kushoto, kulia, kushoto. Seti ya pili ikaenda kwake. Ya tatu walipigana mpaka jasho likachora ramani kwenye vumbi, tano kwa tano, sita kwa tano, halafu sevu ya pili moja fupi, na ikawa imekwisha. Saba kwa tano. Mtoto wangu ameshindwa.

Daftari: "Amekosa ya mwisho." Nikangoja nione atafanya nini. Mimi nikishindwa mchezo wa drafti pale sokoni huwa nanuna mpaka Jumapili, na kanisani nasalimia kwa mkono wa kushoto. Yeye alienda kwenye wavu wa vitunguu, akamshika yule mwanamke mkono, na kabla hajauachia akamuuliza, "Dada, ulikuwa unaonaje? Sevu yangu ya pili, ulikuwa unajua inaenda wapi kabla sijapiga. Ulijuaje?"

Yule dada akacheka, akamwonyesha bega. "Hili. Linashuka mapema. Hapa."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo. Ukienda kushoto linashuka, ukienda kulia halishuki."

Walikaa pale jua likiwachoma, mmoja anamfundisha mwenzake namna ya kumshinda yeye mwenyewe. Niliandika: "Ameuliza." Sikuandika kingine. Kalamu ilikuwa na wino, mimi ndiye niliyekuwa nimekwisha.

Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, barazani. Mwalimu akafuta mdomo, akasema, "Mwenye boma aanze."

Nikasoma daftari lote, neno kwa neno, mpaka pale lilipokatika nilipoacha kazi na kuangalia mpira. Nikalifunga. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu kusema neno digrii. Nikasema, "Mimi naona aende. Aende kesho. Mtu anayeweza kuona anachokiona huyu, chuo kinamfundisha nini?"

Mke wangu aliacha kijiko hewani. "Mzee, uko sawa? Jua limekupiga?"

Mwalimu akatikisa kichwa, polepole. "Kichwa chake kiko tayari. Hilo nimeliona leo kwenye mavi ya ng'ombe, na nisingeliona Nairobi, kwa hivyo asante. Miguu iko tayari. Lakini ile sevu ya pili bado. Akienda hivi, kila mtu atakayekutana naye atasogea hatua mbili mbele. Atashindwa wiki hii, atashindwa wiki ile, yuko peke yake kwenye mji asioujua, na mwisho ataanza kuamini kwamba hajui mchezo. Nimewaona wengi."

Yule dada mrefu akasukuma sahani yake kando. Alikuwa akiangalia mikono yake.

"Si ni sevu tu!" nikasema. "Kitu kimoja! Mtamzuia mtu kwa sababu ya kitu kimoja?" Nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Mimi, niliyekuwa nikiomba usiku na mchana kusikia neno hilo "bado", nilikuwa tayari kupigana nalo.

"Baba," msichana akasema, "unajua sevu ya pili ni gani?"

"Ni ile inayokuja baada ya ya kwanza."

Walicheka wote, mpaka yule dada. Na mimi nikakaa, nikajiongezea muthokoi.

Hakuna aliyemwamulia. Alichukua simu, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi ya ghala. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika. Mara moja aliweka simu chini akafunika uso kwa mikono miwili, na mke wangu akanishika shati nisiende. Alikuwa ametaka jambo hili zaidi ya alivyotwambia. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa imara. Alikuwa amemwandikia kocha kwamba anarudi, mwaka mmoja, na kwamba mwaka huo hataki kufundishwa kitu kingine chochote isipokuwa sevu ya pili.

"Na baada ya hapo?" nikamuuliza.

"Baada ya hapo naenda, Baba. Digrii niipate nisiipate."

Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya mpira. Alikuwa uwanjani peke yake na ndoo ya mipira, akipiga na kupiga, ya pili tu, ya pili tu, na akimaliza anaenda mwenyewe kuokota upande wa pili. Nikashuka. Nikamwambia nitasimama kule nimrudishie, asichoke.

"Utaweza?"

"Mwaitu, mimi nilikuwa kipa shule ya msingi."

Akanipa raketi ya ziada. Niliishika kama mwiko wa kusongea ugali, nikasimama pale alipokuwa amesimama yule dada, nikasogea hatua mbili mbele kwa sababu nilikuwa nimesikia ndivyo wajuzi wanavyofanya. Nikatazama bega lake. Bega halikushuka, au lilishuka, sijui. Nikasikia kitu kimepita karibu na sikio, upepo kidogo, halafu mlio kwenye majani ya mbaazi nyuma yangu. Mpira wenyewe sikuuona.

"Umeonaje?" akaniita kutoka ng'ambo ya wavu.

Nikajikohoza, nikarekebisha kofia.

"Bado kidogo," nikasema. "Rudia."